Vumavuma wa Papa

Nyinyi muliokulia mbali na ziwa la Mweru, mukisikia mududu munafikiria nzi. Hapana. Vumavuma anamufikia mutu mukubwa kiunoni, mugongo wake mugumu kama sufuria kubwa la kupikia watu wa kilio, na anakokota mutumbwi uliojaa samaki mpaka ufukweni. Huku Nchelenge wako, na kwetu ng'ambo, upande wa Congo, walikuwako pia.

Wetu alikuwa wa papa, baba yangu. Papa alimulea tangu alipotoka kwenye yai, akimulisha sombe, majani ya muhogo, mukononi, na mama akigomba kwamba ile sombe ni ya watoto. Kamba ya shingoni alimufunga yeye mwenyewe. Kwetu kamba hiyo inafungwa na mwenye mududu, na yeye tu ndiye anaifungua. Akifa, haifunguliwi. Watu wakimaliza kuzika wanashuka ufukweni, wanaikata kwa kisu, kipande kinabaki shingoni, mududu anakwenda zake. Ndiyo heshima.

Vita ilipotufikia, mutumbwi wa kuvuka ulikuwa umejaa. Papa alisema atakuja nyuma na vumavuma wake. Nilimukasirikia, nikamwambia aachane na mududu, apande. Akacheka.

"Nikimuacha, nani atamulisha?"

Tukavuka. Hakuja.

Kenani, kambini kwa wakimbizi, mama alikataa kukaa kilio, kumufanyia papa matanga. Pasta alisema naye, wanawake wenzake walisema naye. Mimi na huu mudomo wangu nilimwambia papa amekufa, tumulilie basi kama watu wengine. Alijibu hajaona kamba, na kama hajaona kamba yeye si mujane. Akishuka Nchelenge kuuza sombe, kwanza alipita ufukweni kuangalia shingo za vumavuma waliotoka majini. Wachuuzi walimucheka. Nilichoka naye, wallahi nilichoka.

Halafu asubuhi moja tulikuta wavuvi wamemuzunguka mududu aliyelala muchangani, mabawa yamechanika. Hakuna aliyejua ni wa nani. Mama alitua beseni, akapasua njia katikati yao, akanyoosha mukono wenye majani. Vumavuma wa mutu mwingine hakubali kula mukononi mwako. Huyu alikula.

Mama akapitisha vidole shingoni mwake polepole, akaipata kamba. Haikufunguliwa, wala haikukatika yenyewe. Ncha yake ilikuwa sawasawa, ya kisu.

Nililia mimi, niliyejifanya najua siku zote. Nilikuwa sijui kitu. Mama hakulia. Alinivuta mukono, akanishikisha ile ncha.

"Kuko mutu alimuzika," alisema. "Shika, usikie. Hawakumuacha njiani."

Wavuvi walivua kofia, mumoja baada ya mwingine. Mama alikaa chini muchangani akamulisha mududu sombe yote ya beseni, ile ya kuuza, mpaka jani la mwisho. Ndipo akaniambia niende kuwaita wanawake, kilio kianze.