Mjomba Ngazi na Safari ya Maharage

Kazi ya mjomba wangu ni kuendesha gari la ngazi pale uwanja wa ndege. Ndege ikitua, yeye ndiye anayeisogezea ngazi mlangoni, taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, maana akiigonga bati likabonyea, hairuki tena siku hiyo. Wenzake wanamwita Ngazi. Kuna mpakia mizigo mmoja hamwachi: "Ngazi, wenzio wanapanda wanaruka, wewe na hilo gari lako mnabaki kutazamana. Cheo utapanda lini?"

Mjomba hujibu, "Aliye juu mngoje chini, ndugu yangu. Mimi nalipwa kwa kungoja."

Mwezi uliopita wa kungojwa alikuwa bibi, mama yake. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hospitali ya mjini kwetu ilishampangia siku ya upasuaji. Kwa basi ni kutwa nzima ya kuzunguka milima; safari iliyopita alitapika njia nzima, akafikia kwenye dripu. Ndege nayo hakutaka hata kuisikia.

"Kwani ni mbali gani?" aliuliza kwenye simu.

Nikadakia, nilishapima kwa rula kwenye atlasi ya shule: "Kilomita mia nne na hamsini, Bibi! Angani ni chini ya saa moja!"

"Kilomita ndiyo mdudu gani? Nimeuliza ni mbali gani."

Mjomba akaninyang'anya simu. "Mama, ndege ikiruka, jirani abandike maharage. Hayajaiva, umefika."

Bibi akauliza: "Maharage ya mwaka huu au ya mwaka jana?"

"Ya mwaka huu."

"Na nani atanishusha? Vidole vyangu mwenyewe sivioni."

"Mimi."

"Haya. Mtoto wa jicho kanifunga, mtoto wa tumbo atanifungua."

Siku yenyewe mimi na mama tulibandika pua kwenye kioo cha ghorofani pale uwanjani. Ndege ikaegeshwa. Gari la mjomba likasogea, likasita, likasogea tena kidogo, ngazi ikakaa. Mlango ulipofunguka, bibi akatokea wa kwanza, akaganda. Mhudumu akamshika mkono, bibi akauchomoa. Nyuma yake abiria wakaanza kubanana.

"Huyo atarudi kukaa kwenye kiti chake," mama alinong'ona.

Mjomba alikuwa ameshafika juu. Akaishika mikono yote miwili ya mama yake, akaanza kushuka kinyumenyume, akimsemesha, ngazi baada ya ngazi. Baadaye mjomba alitusimulia kuwa abiria walinung'unika, na bibi akawageukia: "Tulieni! Huyu mimi ndiye niliyemfundisha kutembea. Leo ni zamu yake."

Kwenye ukumbi wa kutokea, yule mpakia mizigo mwenyewe alituletea begi la bibi mkononi. Bibi alikuwa anataka simu kwanza.

"Yameiva?" alimuuliza jirani.

"Wapi! Magumu kama kokoto!"

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasikia begi likiwekwa chini, akageuza uso upande huo. "Wewe unafanya kazi hapa? Unamjua mwanangu?"

Mpakia mizigo akavua kofia, ingawa bibi asingeweza kuiona.

"Namjua, Mama. Ndiye Ngazi wetu."