Yeshimebet na Mikate ya Buhe

Katika mtaa wetu mjini Debre Tabor, mtu akifa, chama cha kuzikana hutoa hema, mabenchi na masufuria, na injera, ile mikate mipana na laini ya nafaka ya tefu, hutoka kwa Yeshimebet. Imekuwa hivyo tangu mumewe alipofariki na kumwachia nyumba ya udongo, jiko la nje lililoiva kwa masizi, na binti mmoja. Mimi nilipanga chumba uani kwake nikidhani ningekaa msimu mmoja wa mvua, nikakaa miaka. Nimekula mikate ya watu wengi huko nilikopita na mingi nimeisahau. Injera yake naikumbuka kwa sababu ya macho, yale matundu madogo yanayotapakaa usoni kote bila kuacha kipara. Majirani walisema Yeshimebet angeweza kuipika akiwa usingizini. Yeye alijibu kwamba alikuwa usingizini siku zote, ila hakuna aliyemhurumia akamwamsha.

Maneno yake yalikuwa makavu hivyo. Alikuwa mwembamba, mikono imekakamaa kwa joto, jicho moja jekundu daima kwa moshi wa majani ya mkaratusi. Hakupenda kushikwashikwa. Binti yake Simegn alipokwenda Beirut kufanya kazi za ndani, alimwachia watoto wawili, Mihret, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza shule, na Yihun, aliyekuwa bado ananyonya. Baba yao alishaoa kwingine na kusahau njia. Yeshimebet hakulalamika. Alimfunga Yihun mgongoni na kuendelea kumimina uji wa tefu kwenye kikaango cha udongo, kwa mzunguko, kutoka ukingoni kwenda katikati, mtoto akikohoa nyuma ya shingo yake.

Wale watoto walikulia jikoni. Hakuwafundisha kwa kueleza. Aliwaacha waguse, waungue kidogo, kisha waguse tena kwa akili. Injera ya kwanza ya asubuhi huharibika karibu kila mara, maana kikaango hakijashika moto, na hiyo ilikuwa mali yao. Waliitoboa macho na mdomo, wakaivaa usoni, wakatishana nayo, kisha wakaila. Bibi yao aliwatazama kama mtu anayetazama mvua ya jirani. Lakini sikumbuki siku aliyosahau kuwapa.

Alikuwa na desturi moja aliyoishika kuliko kwenda kanisani. Kazi ikiwa ya msiba, aliuliza jina la marehemu, na kabla ya kumimina injera ya kwanza alilitaja kimoyomoyo, midomo ikitikisika, akamwombea mapumziko. Bila jina hakuwasha moto. Wanawake wa chama walijua, na aliyekuja kuagiza alianza na jina, ndipo akasema ni injera ngapi.

Mwaka ninaousimulia, Simegn alikuwa ameahidi kurudi kwa sikukuu ya Meskel, mvua zikikatika. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili kwa jirani yetu Etagegn, mwenye simu nzuri, na watoto walikwenda kule kumwona mama yao kwenye kioo, akiwa jikoni kwa watu, akizungumza kwa kunong'ona. Mihret alikuwa sasa na miaka kumi. Aliamua kwamba sikukuu ya Buhe mwaka ule, inayokuja mwezi mmoja kabla ya Meskel, yeye ndiye angekanda mulmul, ile mikate midogo mirefu ya ngano wanayopewa wavulana wakipita na fimbo zao kuimba mlangoni. Mmoja mkubwa angeukausha juu ya dari amwekee mama yake, aone kwamba binti yake si mtoto tena. Bibi alikubali kwa kusema tu kwamba unga ukiharibika atakula huo huo hadi Krismasi.

Asubuhi ya mkesha wa Buhe kulikuwa na mvua nyembamba. Ni siku za mfungo, kwa hiyo unga ulikandwa bila siagi wala maziwa, na watu wazima hawali hadi saa tisa. Nilikuwa kibarazani nikisubiri nguo zikauke, jambo la kijinga kwa mwezi ule, alipoingia Bosena. Alikuwa mke mpya wa mweka hazina wa chama, ametoka Bahir Dar, hajamaliza hata kuwajua watu kwa sura. Alisimama mlangoni mwa jiko na kuagiza injera arobaini, ziwe tayari kabla ya alfajiri.

"Kwa nani?" Yeshimebet aliuliza.

Bosena akasema jina hakuambiwa. Wanawake walikuwa wanahangaika tangu jana kutafuta injera huku na huku, naye akaona wanajisumbua bure, kwani si zinatoka hapa siku zote. Alichosikia ni kwamba ni binti wa mtaa huu aliyefia Uarabuni, ameanguka kutoka ghorofani, au ndivyo waajiri wake walivyosema.

"Nyumba ya nani?"

"Sijui, Etete. Wamesema mama yake hajaambiwa bado," akajibu, akimwita Etete kama tunavyowaita kina mama watu wazima.

Bosena hakuona kitu. Alikuwa anapangusa matope kwenye kiatu. Yeshimebet alimtazama kidogo, akasema sawa, zitakuwa tayari, akarudi kwenye moto.

Huku kwetu mfiwa hapewi habari jioni wala mchana njiani. Watu huificha, hata kwa wiki, wakikusanya ndugu kimyakimya, na kuna siku utawakuta wanacheka na mtu ambaye wanajua mwanawe yuko kaburini. Kisha alfajiri wanakuja wote pamoja, wamevaa shuka nyeupe, padri mbele, na mtu anatolewa kitandani kuambiwa, mikono ya kumshika ikiwa tayari. Wanaona ni huruma, na mimi siku hizi naona hivyo pia. Kwa hiyo Yeshimebet hakuhitaji kueleweshwa mengi. Mabinti wa mtaa waliokuwa Uarabuni walikuwa wachache, na mama zao aliwajua. Na wanawake wa chama hawakuwahi hata mara moja kutafuta injera kwingine.

Hata hivyo alikuwa na tumaini, nililiona. Aliendelea kuponda mbegu za kupakia kikaango, lakini masikio yake yalikuwa langoni.

Haikupita muda akaja Etagegn, anahema, shuka imemwanguka begani. Bila shaka alikuwa amekutana na Bosena njiani. Alisalimia mara mbili, akauliza habari za mguu wa Yeshimebet, mguu ambao haukuwa na neno. Kisha akasema zile injera asijisumbue nazo, wamepata kwingine.

"Kwingine wapi?"

"Kwingine tu, Etete. Wewe pumzika. Kesho ni Buhe." Akaivuta shuka begani. "Umekula?"

"Saa tatu asubuhi? Tuko kwenye mfungo, Etagegn."

"Basi jioni nitakuletea mchuzi wa shiro. Ule vizuri, ulale mapema."

Hakuna anayemwambia mwenzake hivyo bure. Mtu anayelishwa na kulazwa mapema ni yule atakayeamshwa. Yeshimebet aliweka jiwe la kupondea chini, taratibu, kama yai. Watoto walikuwa ndani wanagombania beseni la unga. Tuliwasikia.

"Mwambie Bosena injera zitakuwa tayari," alisema. "Na nyinyi msije kabla ya alfajiri. Watoto wana mikate yao."

Etagegn akaziba mdomo kwa kiganja.

"Usilie uani kwangu," Yeshimebet akasema. "Ukilia wewe, nitalia mimi. Nenda."

Akaenda. Mimi nilibaki na nguo mbichi mkononi. Yeshimebet alinitazama kwa lile jicho jekundu, na sikuthubutu kusema pole, kwa sababu pole ingesikika ndani ya nyumba.

Kitu alichotaka kilikuwa kidogo. Alitaka watoto wapate Buhe yao, wakande, waoke, wasikie wavulana wakiimba, walale wakiwa na mama. Na ili wapate hiyo, ilimpasa asilie tangu saa tatu ya asubuhi ile hadi alfajiri ya kesho. Tena alijua gharama yake. Mama anayejua na asipige yowe, mtaa hautamwelewa. Kulia ni haki ya maiti, na yeye alikuwa anaikalia.

Aliwaita watoto jikoni. Mihret akaja na beseni kichwani kama bibi harusi na mzigo wake, Yihun nyuma na majani ya mgomba-mwitu ya kufungia mikate. Na hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Yeshimebet alianza kufanya mzaha. Si vile vijembe vyake vya kawaida, mzaha hasa. Yihun alipofinyanga kipande chake akasema ni punda, alikigeuza huku na huku akasema punda huyu ana miguu mitatu.

"Wa nne ameukalia," Yihun akasema.

"Basi ni mvivu kama mwenye kumfinyanga. Tumwoke, labda akiungua matako atasimama."

Mihret alicheka hadi akakaa chini. Bibi akamwigiza padri wetu anavyobariki mkate huku akiupima uzito kwa jicho. Akamwigiza Etagegn anavyotembea. Mtoto alishika tumbo, unga puani, akaomba, "Emaye, basi, basi," kama walivyozoea kumwita bibi yao, na Emaye hakuacha. Alikuwa kama mtu anayebeba maji kwenye kikapu na kukimbia. Mikate ilipangwa juu ya majani, ikafunikwa, moto ukawekwa chini na juu, na ule mkubwa wa Simegn ukawekwa katikati mahali penye joto la sawa. Kabla haujafunikwa Mihret alikuwa ameuchora msalaba kwa uma, polepole, ulimi nje.

Mikate ilipotoka, Yeshimebet akaanza zile arobaini. Alisimama mbele ya kikaango na kibuyu cha uji mkononi. Midomo ilitikisika. Ilitikisika kwa muda mrefu kuliko desturi, hadi kikaango kikaanza kutoa moshi.

"Ni za nani, Emaye?" Mihret akauliza.

"Za binti wa watu."

"Anaitwaje?"

"Nimeshalitaja jina lake. Nipe kifuniko."

Mihret akampa kifuniko. Alimsaidia kuanzia ile ya kwanza hadi ya mwisho, akizitandaza zipoe, akizipanga kwenye kapu, akisifu macho ya kila moja. Injera ya kwanza iliharibika, safari hii kwa kuungua, na wao wakaitoboa mdomo na kuivaa usoni, wakacheka.

Jioni wavulana wakaja na fimbo, wakagonga ardhi yenye matope kwa mpigo, wakamsifu mwenye nyumba kwa sifa ambazo hana, wakapewa mikate. Mihret aliigawa mwenyewe, mmoja mmoja, kwa uso wa mtu mzima. Shiro ya Etagegn ililetwa. Yeshimebet aliwapa watoto.

Alfajiri walikuja. Walikuwa wengi, weupe kwenye ukungu, na padri alikuwa ameandaa maneno ya kuanzia mbali, kuhusu Mungu anayetoa na kutwaa. Hayakuhitajika. Yeshimebet alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango, shuka imegeuzwa, upindo wenye rangi umepanda shingoni kama wanavyovaa wafiwa. Kapu la injera lilikuwa miguuni pake, limefunikwa vizuri. Watu wakasimama, hakuna aliyejua la kufanya na mikono aliyokuja nayo. Ndipo akafungua kinywa. Sauti iliyotoka sitaieleza. Watoto waliamshwa nayo.

Mwili haukurudi. Walilia mbele ya picha yake, kwenye hema la chama, na waombolezaji wakala zile injera kwa sababu hakuna nyingine zilizokuwepo. Wengine walipojua waliacha kula. Wengine walikula na kusema baadaye, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, kwamba mwanamke aliyefanya mzaha na punda wa unga huku mwanawe amekufa ana jiwe kifuani. Etagegn aligombana nao. Haikusaidia. Bosena alikuja kupiga magoti na kuomba radhi, na Yeshimebet akamwambia asimame, sakafu ina majivu.

Lililomuumiza halikutoka mtaani. Siku moja, hema limeshang'olewa, Mihret alimkuta anasafisha kikaango akamuuliza kama alijua wakati ule wanakanda. Yeshimebet angeweza kudanganya. Wangapi wangejua?

"Nilijua," alisema.

"Na ukanichekesha."

"Nilitaka mpate siku yenu."

"Nilicheka," Mihret akasema. "Mama amekufa na mimi nilikuwa nacheka. Ulinichekesha wewe."

Hakupaza sauti. Aliweka chini kifuniko alichokuwa ameshika akatoka. Ule mkate mkubwa uliokuwa unakauka darini aliutoa siku hiyo hiyo na kuutupia mbwa wa jirani.

Tangu hapo anachota maji, anafua, anakwenda shule, anamsalimia bibi yake kwa heshima zote. Jikoni haingii. Akitaka mkate hununua dukani, ule mweupe usio na ladha, na hula akiwa amesimama langoni. Buhe iliyofuata Yeshimebet alikanda na Yihun peke yake, wakiwa kimya, mikate ikatoka mizuri. Wavulana walipoimba, Yihun ndiye aliyegawa. Mihret alikuwa ndani, mlango umefungwa.

Jioni ile, kabla giza halijaingia, nilimsaidia Yeshimebet kubeba beseni. Nilimuuliza kama angerudishwa nyuma angefanyaje. Si mtu wa kujibu maswali ya wageni hata wakikaa miaka, lakini hili alilijibu.

"Ningewaacha waoke," alisema. "Ningenyamaza vile vile mpaka alfajiri." Akalisugua beseni pale palipogandia unga. "Ila nisingemchekesha."