Kirungu cha Mama

Muuza vyombo vya muziki alizoea wateja wa kuchagua kwa macho, lakini mpiga gitaa huyu asiyeona alichagua mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, kama anayechagua parachichi: anapapasa, anabonyeza, anaguna. Ile ya kioo kitupu cha kugusa, fahari ya duka, aliipitishia kiganja mara moja tu. "Hii meza ya kulia chakula, ndugu yangu. Lete nyingine." Mkewe, ambaye ndiye mwimbaji wake, akaipigia debe ile ya kioo mpaka jasho likamtoka. "Mama huyu," mume akamnong'oneza muuzaji, mnong'ono wa kusikika mtaa wa pili, "tukirekodi nyumbani hujipandishia sauti kimyakimya. Kwenye kioo nitamkamatia wapi?"

Hatimaye vidole vyake vikatua kwenye mikisa yenye virungu vya kusukuma juu na chini. "Hiki gitaa langu, hiki sauti ya mama," akagawa, akavishusha vyote, akatabasamu. "Nifungie hii." Muuzaji akaenda kutafuta boksi. Aliporudi, mteja alikuwa anaipapasa mikisa yake kwa mara ya mwisho, na kidole kimeganda kwenye kirungu cha mama, kilichokwisha panda hadi kileleni.

"Mke wangu," akasema kwa upole, "hata nyumbani hatujafika."