Miayo Kabla ya Kiande

Asubuhi niliyomkata shemeji yangu, nilipiga miayo tangu nilipofungua macho. Haikuwa usingizi, maana nilikuwa nimelala vizuri. Shingo ilikaza, na nilitamani sukari mpaka nikalamba ile iliyobaki ndani ya kikombe cha chai. Kipandauso changu cha miaka mingi nilikijua kwa maumivu ya kichwa tu, na maumivu hayakuwa yamefika.

Ilikuwa Ngoingwa, kwa wazazi wa mwanamke niliyetaka kumwoa. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Kazi yangu ni kubandika vigae, na ilikuwa imenizungusha Juja, Kalimoni, Ruiru. Sikumaliza mwaka mahali pamoja kabla miguu haijaanza kuniwasha. Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenifanya nitamani kurudi nilikotoka. Siku hiyo nilitakiwa kukata kiande, ule mguu wa mbele wa mbuzi uliochomwa, mbele ya jamaa zote mbili. Kwetu Wakikuyu, usipokata kiande wazee watakuambia hujaoa, hata ukiwa na watoto sita.

Jua lilipita kwenye turubai jeupe la hema likanichoma macho. Harufu ya mafuta ilinichefua. Kaka wa mchumba wangu alikuwa amenishikia sinia. Nikapiga miayo.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya kufika nyuma, "kama dada yangu amekuchosha hivi kabla ya ndoa, baadaye tutakuzika?"

Hema zima likacheka. Siku nyingine hata mimi ningecheka. Siku hiyo kicheko kiliniingia kama msumari. Nikapiga miayo tena. Akainama akaniuliza kama ni pombe, kisha akanishika kifundo cha mkono wenye kisu kunionyesha kiungo cha kukata kilipo.

Sikumbuki kuamua. Kisu kilimpasua mkono kutoka karibu na kiwiko, na damu ikamwagikia nyama. Alipofungua mdomo kupiga kelele nilimpiga kwa kile kiande, nikasikia jino likigonga mfupa. Nikaipiga meza teke. Wajomba wakanirukia, mmoja akanikanyaga shingo kwa gambuti. Ni pale, uso ukiwa kwenye nyasi, ndipo maumivu yalipofika upande wa kushoto wa kichwa, nikatapika. Wakasema ni pombe.

Shemeji alishonwa. Alikataa kwenda polisi. Alisema atanipata mwenyewe. Alinipata Ruiru, nyuma ya duka la simiti, na nikaacha meno mawili pale. Sikuinua mkono.

Baadaye daktari mmoja alinieleza kwamba kipandauso huanza saa nyingi kabla ya kichwa kuuma, wakati mwingine siku nzima. Sehemu za ubongo zinazosimamia usingizi, njaa na hasira huanza kuwasiliana tofauti na zile za mwanga na maumivu. Miayo, sukari, shingo, ule ukali: yote ni shambulio lililokwisha kuanza. Nilitoka mbio kwenda kumwambia mchumba wangu, kama mtu aliyepewa barua ya msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Miayo si makosa yako," akasema. "Lakini kisu ulikishika wewe."

Alinisubiri mwaka mzima. Baba yake alikubali mara moja ya mwisho: watu kumi, bila hema. Nikiharibu tena, nisikanyage kwake.

Siku yenyewe niliamka Ruiru, nikapiga miayo. Nikasema ni baridi. Nikapiga ya pili nikitafuta soksi, na ya tatu nikiwa nimeshika mkebe wa sukari. Nilikaa kitandani nikiwa na hasira na kila kitu, na ndala, na jogoo wa jirani, na hata mchumba wangu. Nisipoenda, watasema nimetoroka kama kawaida yangu. Nikienda, kuna kisu.

Saa moja nilimpigia mzee. "Baba, leo sishiki kisu."

Nyuma yake nilisikia mbuzi akilia, bado mzima.

"Umepiga miayo mara ngapi?" akauliza. Kumbe binti yake alikuwa amemweleza.

"Saba."

Akamwita mwanawe, akamwambia amfungue mbuzi, ampeleke akale nyasi. Shemeji akachukua simu. Alisema nilale, na kwamba kesho kisu kitakaa kwake mpaka aridhike nami.

Saa nne maumivu yalifika. Niliziba dirisha kwa blanketi, nikauma taulo, nikagonga ukuta kwa ngumi mpaka ngozi ikachubuka. Ilikuwa damu yangu peke yangu.

Kesho yake shemeji alinipa kisu, akanishikia sinia kwa mkono ule wenye kovu. Hakutazama nyama wala kisu. Alinitazama mdomo, mpaka kiungo cha kiande kilipoachia.