Kinyozi Aliyenyolewa Nusu

Mume wangu ni kinyozi, na kwa miaka ishirini na sita sijawahi kumwona akitoka nje nywele zake hazijakaa sawa. Kwa hiyo Alhamisi ile aliporudi nyumbani na mchirizi wa upara kutoka kwenye paji la uso hadi utosini, nywele zimesimama huku na huku, nilijua ametoka hospitali ya wagonjwa wa akili.

"Nani kakufanyia hivyo?"

"Bwana Kofia," akajibu, kama mtu anayemtaja mwalimu wake.

Hapa lazima nieleze. Kila Alhamisi mume wangu hufunga duka letu akaenda kunyoa wanaume wa wodi ya nyuma ya hospitali hiyo, wale ambao hawajatembelewa miaka nenda miaka rudi. Kazi hiyo sikuipenda na wala sikuficha. Nilimwambia wana ndugu zao, waje wawanyoe wenyewe. Akanijibu kwamba ameyaona mafaili yao: penye nafasi ya jina la ndugu, wengi wameandikiwa neno moja tu, Serikali.

"Sasa Serikali haina mikono, mama. Itashika mashine na nini?"

Akishaamua jambo haambiliki, nikamwacha.

Bwana Kofia alikuwa mmoja wao. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kofia ya sufu ambayo hakuwa ameivua mwaka mzima. Chini yake kulikuwa na kidonda, na harufu yake ilitangulia mlangoni kabla yake. Kila aliyejaribu kumgusa kichwa aliambulia teke. Asubuhi ile daktari alikuwa ametoa wiki moja: asipokubali, atafungwa kitandani kwa mikanda na kunyolewa kwa nguvu. Mara ya mwisho alipofungwa hivyo hakula siku tisa, akabaki mifupa mitupu. Nesi wa wodi, kijana mpole, alisema waziwazi kwamba safari hii mwili wake hautahimili.

"Kila anayetaka kichwa chake huanza kwa kumkamata mikono," mume wangu akaniambia. "Leo nikaona mikono iwe huru, na kichwa kiwe changu." Alikaa kwenye kiti, akampa ile mashine ya kubana kwa mkono, Nesi amesimama pembeni. Bwana Kofia akaipitisha mara moja, akaogopa, akairudisha.

Nikachukua mashine nyingine nimsawazishe. Akanikwepa.

"Fundi hajamaliza."

"Fundi gani! Jumapili tuna wakwe hapa!"

"Nikisawazisha, atajua aliharibu."

Basi wiki nzima akatembea hivyo hivyo. Dukani wateja walishika mbavu. Mmoja aliuliza barabara hiyo itawekwa lami lini. Mbele ya wakwe nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alhamisi iliyofuata nikaenda naye na hasira zangu, nimwone huyo fundi. Wodi ilinuka dawa ya sakafu. Wanaume kama thelathini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakingoja zamu, taulo mabegani, watulivu kuliko wateja wetu. Kwenye kitanda cha mwisho mikanda ya ngozi ilikuwa imeshatandazwa. Nilipoiona, hasira ziliniisha zote.

Bwana Kofia akaja, akauona ule mchirizi. Akaupapasa kwa kidole kimoja, kisha akamtazama mume wangu machoni kwa muda mrefu. Aliona kwamba amengojewa. Akachukua mashine.

Alinyoa polepole mno. Nywele ziliponaswa mume wangu akashtuka, na yule mtu, ambaye Nesi aliniambia hakuwa amesema neno kwa miezi mingi, akamwekea kiganja begani.

"Tulia," akasema. "Haiumi."

Nesi akaninong'oneza kwamba ndiyo maneno aliyoambiwa yeye kila walipomfunga; sasa yeye aliyasema kwa huruma. Alipomaliza akampangusa mume wangu nywele shingoni, akasubiri ainuke, akakaa yeye kwenye kiti. Kofia akaivua mwenyewe.

Tulichokiona chini yake sitakieleza. Mume wangu alinyoa kukizunguka kidonda, kisha Nesi akaanza kusafisha. Bwana Kofia akatetemeka, kichwa kikayumba, mikono ikapapasa hewani ikitafuta pa kushika. Sijui niliinukaje. Nilijikuta nimekishika kichwa kile kwa viganja vyangu viwili, nimekiegemeza tumboni kama cha mwanangu, naye amekamata upindo wa gauni langu. Nililia, na sikuona aibu.

Nesi alipomaliza kufunga bandeji akavuta fomu.

"Mama, hapa wanataka ndugu aliyekuwepo wakati wa matibabu. Niandike nani?"

Nilimtazama mume wangu na upara wake mpya wenye mikwaruzo.

"Andika Serikali," nikasema, "leo imepata mikono," na kichwa cha Bwana Kofia nikaendelea kukishika.