Mama Mzigo: fundi wa vyerehani aliyezunguka nchi kumi na nne na mbwa wake

Saa mbili kasoro asubuhi, ndani ya duka la ushonaji lenye upana wa mlango na nusu, mwanamke wa miaka hamsini na minne ameilaza cherehani ubavu na kuitegea sikio. Anazungusha gurudumu kwa kiganja, polepole, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Umesikia?" anauliza. "Hapo ndipo inapokohoa."

Chini ya meza, juu ya mabaki ya vitambaa, amelala mbwa wa rangi ya chai ya maziwa. Sikio moja limesimama, jingine limeanguka. Kikohozi cha cherehani hakimhusu. Ana miaka kumi na mmoja, amekanyaga ardhi ya nchi kumi na nne, na jina lake ni Mzigo.

Ndiyo maana fundi huyu wa vyerehani, kila anakofika, huishia kuitwa Mama Mzigo. Wenzake huzaa kwanza ndipo wakaitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye anasema wa kwake alimpokea getini.

"Nilikuwa kiwanda cha nguo, fundi wa mashine, miaka ishirini na miwili," anasimulia huku akidondosha mafuta tone moja moja. "Nikaagiza vipuri. Siku hiyo mlinzi ananiita: 'Fundi, mzigo wako umefika, njoo uutoe hapa, unanuka.' Nafungua boksi, vipuri hamna. Kuna kijibwa kimejikunja, kimejikojolea. Vipuri vilikuja wiki ya pili yake, lakini huyu nilikuwa nimeshamsainia!"

Anacheka mpaka anaweka chini kopo la mafuta.

Miaka miwili baadaye kiwanda kilifungwa. Kiinua mgongo chake kilitosha kodi ya nyumba ya miezi saba, basi. Mume alikuwepo zamani, akaondoka. Hapo, anasema Mama Mzigo, hapana hadithi. Akapata kazi ya kutengeneza vyerehani vya shule moja katika mji wa jirani, akabeba mfuko wa bisibisi, akamfunga mbwa kamba, akaenda.

"Niliaga siku tatu," anasema. "Sasa ni miaka tisa."

Katika mji ule alisikia habari za mji mwingine wenye vyerehani vibovu, na huko akasikia za mwingine. Hakuwa na ramani. Alifuata mashine. Mipaka aliivuka kwa malori, kwa mabehewa ya mizigo, na kwa mabasi ambayo kondakta wake alikuwa na moyo, au alikuwa na mke mwenye cherehani mbovu.

Lugha je? Fundi anainua macho kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Kwingine sikujua hata neno la maji. Lakini cherehani ikiruka mshono, inaruka kwa lugha zote."

Malazi ndiyo yaliyomfundisha ujanja. Nyumba za wageni nyingi hazitaki mbwa, na zinazomtaka zinataka pesa zaidi. Basi akajiwekea bei yake: cherehani moja, usiku mbili. Amelala kwenye maduka ya washonaji, kwenye stoo za shule, na mara moja miezi mitatu nyuma ya duka la dobi, ambako anasema nguo zake hazijawahi kunyooka vile. Kwa miaka tisa amelipia kitanda mara kumi na moja tu, na mara nne kati ya hizo Mzigo aliingia chumbani akiwa ndani ya begi, kimya, mtu mzima na akili zake.

"Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," anasema, akigonga mfuko wake wa vifaa kwa mguu. "Mimi jembe nakuja nalo."

Katika kila kumi anazopata, tatu ni za Mzigo: chanjo, dawa ya kupe, karatasi za mpakani. Kitabu cha chanjo cha mbwa kimejaa mihuri kuliko pasi ya kusafiria ya mwenyewe. Anakitunza ndani ya mfuko wa plastiki, kifuani, mahali ambapo wanawake wengine huweka pesa. Pesa zake ziko kwenye soksi.

Mwenye duka hili, mshonaji mpole anayezungumza na pini mdomoni, amekaa nao wiki ya tano sasa. Vyerehani vyake vitatu vilishapona tangu wiki ya kwanza. Anapoulizwa kwa nini hajawafukuza, anatoa pini moja, anaichoma kwenye kola ya shati.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," anasema. "Kwangu huyu si mzito. Halafu tangu aje, panya wamehama."

Lakini ukitaka kumkasirisha Mama Mzigo, sema "Mzigo umelala". Atakusahihisha palepale. Amelala. Mzigo huyu ni wa *a*, si wa *u*. Wateja hudhani ni mzaha wa fundi. Si mzaha.

Ilikuwa mwaka wa nne wa safari, kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu. Dereva wa lori alikubali kuwachukua. Mbwa akae nyuma juu ya magunia, fundi akae mbele. Fundi alikuwa na homa. Dereva, aliyekwisha kusikia jina la mbwa, akawasha gari, akauliza, "Mzigo umepanda?"

"Na mimi kichwa kinagonga, nawaza boksi langu la vifaa, ambalo nimeliona kwa macho yangu likipandishwa. Nikajibu, 'Umepanda.' Nikalala."

Aliamka kilomita arobaini mbele. Nyuma kulikuwa na magunia, na boksi. Mbwa hakuwepo.

Alishuka, akakodi pikipiki kwa pesa zote za kwenye soksi, akarudi. Mzigo alikuwa ameketi pale pale, kando ya pampu ya upepo, akitazama upande lori lilikoelekea. Muuza mafuta alikuwa amemwekea maji kwenye kifuniko cha ndoo. Hakuwa ameyagusa.

"Hakunikasirikia," anasema Mama Mzigo, na sauti yake inashuka. "Alitikisa mkia, basi. Afadhali angening'ata."

Tangu siku hiyo herufi hiyo haipiti mbele yake bila kukaguliwa. Ungedhani basi kwamba mtu wa namna hii hawezi kukosea tena kwa neno hilo hilo. Alikosea, na mara hii kosa lilimgharimu mwaka mmoja na miezi minne.

Ng'ambo ya maji, mwendo wa usiku mmoja na nusu ya siku kwa meli, anaishi dada yake mkubwa. Ndiye mtu pekee wa tumbo moja aliyebaki naye. Mume wa dada amefariki, watoto wameshajitegemea, na cherehani ya mama yao, ile ya kukanyaga, imekaa sebuleni imefunikwa kitambaa. Dada akamwandikia kwenye simu. Ujumbe huo fundi bado anao, na anamwonyesha mwandishi: *njoo mdogo wangu tukae wote ila usije na mzigo nyumba yenyewe ndogo.*

Aliusoma akiwa amekaa na mbwa miguuni.

"Nilisema, kumbe! Kumbe damu nayo ina masharti. Sikujibu. Akipiga, sipokei. Nikawa natuma salamu za sikukuu tu, kama za mtu wa benki."

Ni mshonaji huyu wa pini aliyelifungua fundo hilo. Mwezi uliopita, jioni, fundi alimsomea ujumbe huo ili ahurumiwe. Mshonaji alisikiliza, akatema pini zote kiganjani.

"Dada yako anajua kwamba mbwa anaitwa Mzigo?"

"Nikaanza kuzihesabu simu zote nilizompigia," anakumbuka fundi, "moja moja."

Hakuwahi kumwambia. Miaka yote hiyo kwenye simu alisema "mbwa wangu", tena kwa haraka, kwa sababu dada hapendi habari za mbwa. Alipiga simu pale pale. Dada, aliposikia, alicheka mpaka akapaliwa. "Mzigo ndio mbwa? Mimi nilisema usijitwishe mabegi na mazawadi, mtu mwenyewe huna kitu!" Kisha wakalia wote wawili, kila mmoja na simu yake.

Kicheko kilipokwisha, fundi akauliza lile lililobaki: "Sasa Dada, tuje wawili?"

"Nipe muda," akasema dada.

Muda huo una sababu. Walipokuwa wadogo, wakirudi kuteka maji, mbwa aliwatokea. Mmoja wao aling'atwa mguu na hadi leo ana kovu la urefu wa kidole. Mwingine alitupa ndoo akakimbia.

"Aliyekimbia ni mimi," anasema Mama Mzigo. "Kwa hiyo siwezi kumlazimisha. Lakini huyu naye simwachi. Nilimwacha mara moja, inatosha. Dada akisema hapana, tiketi nairudisha."

Meli inaondoka Ijumaa. Leo ni Jumanne. Na Mzigo, kwa hesabu za mbwa, hana safari nyingi zilizobaki.

Saa tano asubuhi wanatembea hadi ofisi ya mifugo, mtaa wa tatu kutoka dukani. Mzigo anapanda ngazi mbili za mlangoni kwa awamu: miguu ya mbele, pumziko, miguu ya nyuma. Daktari, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anamweka kwenye mizani, anamkagua meno, anasikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko ambavyo fundi angependa.

"Moyo una kelele kidogo," anasema daktari. "Kama mashine zako."

"Mashine zangu huwa zinapona, daktari."

"Huyu atakwenda vizuri akikaa na wewe. Lakini nijuavyo, melini wanyama hukaa chini, na shehena. Kule kuna joto na ngurumo. Nitaandika asishushwe."

Anamgeukia karani wake, mwanamama nadhifu nyuma ya kompyuta ya zamani, anamsomea maneno. Karani anapiga herufi, anachapa, anakabidhi. Fundi anaisoma karatasi akiwa amesimama. Anairudisha mezani.

"Mama, hapa umeandika 'Mzigo umekaguliwa na unaruhusiwa kusafiri'."

"Ndivyo."

"Amekaguliwa. Na anaruhusiwa."

Karani anavua miwani. "Dada yangu, mimi Kiswahili nimekisoma. Mzigo, mizigo. Mzigo umekaguliwa."

"Mizigo mingine, sawa. Huyu, hapana."

Mzigo, akisikia jina lake limetajwa mara nyingi hivyo, anajikokota hadi nyuma ya meza na kuweka kidevu juu ya kiatu cha karani. Karani anamtazama, kisha anamtazama daktari. Daktari tayari ana kalamu mkononi.

"Andika *a*," anasema. "Kijana wa melini akisoma *u* atampeleka kwenye magunia, na sisi hatutakuwepo kumweleza."

Karatasi inachapwa upya. Fundi anaisoma mara mbili, anaikunja, inaingia kifuani.

Wanaanza kurudi. Karatasi moja imepatikana. Iliyobaki haina muhuri wala ofisi. Mara mbili anatoa simu, anaitazama, anairudisha mfukoni. Dukani anakaa kwenye kigoda, anaanza kusugua sindano ambazo tayari zinang'aa.

Saa tisa na dakika kumi simu inalia mlio wa ujumbe. Ni wa sauti. Mshonaji anasimamisha mashine yake bila kuombwa. Fundi anabonyeza, na duka zima linajaa sauti ya mama wa makamo anayezungumza karibu mno na simu:

"Mdogo wangu, wiki nzima hii sijalala vizuri kwa ajili yako. Sasa nisikilize. Huyo Mzigo anakula nini? Maana huku mimi nala mboga tu, presha. Na analala wapi? Kwenye zulia langu asilale. Nimemtafutia blanketi. Mje. Lakini siku za kwanza umshike kamba, nakuomba, mpaka nizoee."

Ujumbe unakwisha. Fundi anaucheza tena, na mara ya tatu. Machozi yanamtoka waziwazi na hayafuti.

"Umesikia?" anamuuliza mshonaji, kama alivyouliza asubuhi kuhusu cherehani. "Kasema *anakula*. Hakuna aliyemfundisha."

Mshonaji, pini mdomoni, anaitikia kwa kichwa tu.

Mipango sasa anaieleza haraka haraka, mikono ikirukaruka. Kwanza ataifungua ile cherehani ya mama yao. Anaijua, tatizo lake ni mkanda na kutu, siku mbili tu. Atamshonea dada mapazia. Atatafuta vyerehani vya mtaa mzima, vya jirani na jirani wa jirani, alipwe bila kulazimika kuhama. Nchi ya kumi na tano? Anatikisa kichwa. Ngazi mbili za daktari aliziona leo.

"Tumetembea, tumeona," anasema. "Sasa apumzike kwa watu wake."

Anashika simu kumjibu dada. Huandika kwa kidole kimoja, polepole, na Mzigo ametoka chini ya meza kuja kumwegemea goti. Anaandika neno la kwanza, na simu, kwa kiherehere chake, inamkamilishia sentensi: *Mzigo utafika Jumamosi.*

Mama Mzigo anaguna. Anarudi nyuma, anafuta herufi moja, anaweka nyingine, anatuma.