Shavu la Mkwe

Ukitaka krimu ya Mama Careen, haraka zako ziache nyumbani. Kwanza utakaa kwenye kigoda uani kwake, hapa Mfaranyaki, ukimsikiliza akiwagombeza kuku. Kisha atafuta mikono kwa kanga, atakusogelea, na bila kukuomba ruhusa atakuwekea mgongo wa vidole shavuni. Atavipandisha vidole hadi kwenye paji, atavishusha hadi kidevuni. Hapo ndipo ataamua kama akupe ya mafuta ya parachichi au ya ufuta, na nta ya nyuki iwe nyingi au kidogo. Kuna mama mmoja wa mjini aliwahi kumtuma mtu amchukulie kopo, na aliyetumwa akarudi mikono mitupu. Aliambiwa, "Mwambie alete uso."

Jina lake hasa ni Notburga. Mimi ni jirani yake, nashona nguo ng'ambo ya ua wa michongoma, na kwa kuwa nampenda nina haki ya kusema kwamba ni mkaidi kupita kiasi. Kila krimu yake huitia mchaichai. Anayatumbukiza majani kwenye mafuta, anaweka sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji, jiko la mkaa chini, mpaka harufu inavuka michongoma na kuingia kwenye vitambaa vyangu. Hiyo ndiyo alama yake. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, unampa mkono mwanamke usiyemjua, unasikia mchaichai, unajua huyo amepita kwa Mama Careen.

Mwanawe wa pekee, Careen, aliolewa na Aidani, fundi seremala aliyetoka Peramiho akahamia Ruhuwiko. Kijana mpole huyo, akikupigia msumari utadhani anauomba radhi. Notburga alimpenda tangu siku ya posa, lakini alimpendea mbali. Alilelewa na bibi yake, na kwa bibi huyo mama mkwe hamsogelei mkwe wake wa kiume, hamtazami usoni, wala hampi kitu mkono kwa mkono. Siku hizi wengi wameyaacha hayo, wanakaa na wakwe zao kochi moja wakitazama mpira. Notburga hapana. Akisikia pikipiki ya Aidani anaingia jikoni, na Aidani anakaa kwenye benchi akiwa ameupa mlango mgongo. Wanasikiana vizuri kabisa, lakini mazungumzo yote lazima yapite kwa Careen.

"Careen, mwambie mwenzio chai ipo."

"Mwambie mama nashukuru, nimesikia."

"Mwulize hao wa Peramiho hawajambo?"

"Mwambie hawajambo, wanamsalimu."

Na Careen amesimama katikati, hajafungua mdomo.

Basi kipupwe cha mwaka jana uso wa Aidani uliharibika. Ulikauka, ukapasuka pembeni mwa pua, ukaanza kubambuka kama rangi ya mlango wa zamani. Careen alikuwa mjamzito. Hospitali walimwambia Aidani ngozi yake ni kavu na haielewani na marashi, aache sabuni na mafuta yote yenye kunukia. Akaacha. Lakini Notburga aliposikia, hakulala na habari ile. Uso umeharibika katika familia yake mwenyewe, naye ndiye mtengenezaji, na uso wenyewe hawezi kuugusa!

Alimwita Careen. Nilikuwapo, nilikuwa nimempelekea sketi yake. Alikuwa amepanga vitu kwenye mkeka: ganda la parachichi, gunia la mahindi, jani bichi, kipande cha turubai.

"Fumba macho," alimwambia. "Gusa hivi, halafu uniambie mwenzio anafanana na kipi."

Careen akagusa. "Ni kama gunia hivi. Lakini si sana."

"Gunia jipya au lililokwisha kufuliwa?"

"Mama, yule ni mume wangu!"

Nilicheka mpaka nikaidondosha sketi. Notburga hakucheka. Alitengeneza krimu ya parachichi yenye nta nyingi na mchaichai wa kutosha, akampelekea kopo. Majuma yakapita, Careen akasema bado. Akatengeneza ya ufuta, na mchaichai akauongeza kidogo, kwa upendo. Careen akasema bado. Mtoto alipozaliwa, wakampa jina Mariana, uso wa baba yake ulikuwa mwekundu, unawasha, na mzula wake, ile kofia ya sufu, ulikuwa umeshuka hadi kwenye nyusi jua likiwaka.

Halafu ikafika habari iliyomkata Notburga maini. Ubatizo wa Mariana ulikuwa umeshapangwa, na Aidani alikuwa amemwambia mkewe kwamba hataingia kanisani. Kuna mteja aliyekuja kuagiza kitanda, akamtazama usoni, akasogeza kiti chake nyuma. "Mpelekeni mtoto ninyi na msimamizi," alisema Aidani. "Mimi nitakuwa nje. Sitaki watu wamtazame mwanangu huku wananionea kinyaa."

Notburga aliniambia haya akiwa amesimama kwenye michongoma, kanga mdomoni. Yeye mwenyewe alibatizwa bila baba, baba alikuwa ameondoka, na bibi yake hakuacha kulisema hilo. Alichokitaka duniani wakati huo kilikuwa kimoja tu, mkwe wake asimame mbele na mwanawe mikononi.

Siku chache baadaye Careen alikuja na mtoto. Notburga alikuwa ametoka tu kukamua majani kwenye mafuta. Akafuta mikono kwa kanga kama kawaida yake, akampokea mjukuu, na bila hata kufikiri akamwekea mgongo wa vidole shavuni. Nikajua anasoma.

"Kakavu haka," alisema. "Mbona kakavu hivi? Kamerithi kwa nani?"

"Kwa baba yake," alisema Careen. "Mashavu yenyewe ni ya baba yake."

Tulikunywa chai. Mtoto akaanza kulia. Careen alipomgeuza, shavu lile lililoguswa lilikuwa na mabaka mekundu, vidole vinne vimejichora. Shavu la pili lilikuwa salama.

Notburga alilitazama shavu, akatazama mkono wake, akaunusa. Sijawahi kumwona mtu akizeeka haraka namna ile.

"Careen," alisema polepole, "mwenzio krimu yangu anaipaka?"

"Anaipaka, mama. Kila asubuhi."

"Na inamwasha?"

Careen aliinamisha kichwa. "Inamwasha. Nilimwambia aache, akasema marashi yote ya dukani ameacha, lakini hiyo si ya dukani, imetoka kwa mama. Anasema anaona aibu kukurudishia."

Basi Notburga alikaa chini palepale akalia. Kijana wa watu alikuwa amejiunguza uso miezi yote ile kwa heshima, na yeye alikuwa amemuunguza kwa upendo, na kati yao hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake, "Inawasha." Mimi nina mdomo mrefu, nilitaka kumwambia kwamba mchaichai wake nilishausema tangu zamani. Nilimwona alivyokuwa, nikamchotea maji mtoto aoshwe.

Alimtuma Careen na maneno: asipake chochote, afuate kama hospitali walivyosema. Kisha akasugua sufuria zake kwa majivu mpaka nikahurumia mikono yake. Akayeyusha nta kidogo ndani ya mafuta ya alizeti, akakoroga kwa mwiko mpya, na hakutia kitu kingine. Alininusisha. Haikunukia chochote.

"Hii hata si yangu," alisema kwa uchungu. "Mtu akipaka nani atajua ni ya Notburga?"

"Mkwe wako atajua," nilimwambia.

Safari hii aliagiza Careen aipake kwanza kidogo kwenye mkono wa Aidani, kwa ndani, wasubiri. Na aliongeza, "Mwambie ikiwasha hata kidogo aitupe. Mwambie mama mkwe wake ameomba atukanwe."

Jumapili ya ubatizo tulikaa nyuma, yeye na mimi. Familia zikaitwa mbele. Careen akatoka na mtoto, msimamizi akafuata, na nafasi ya baba ikabaki tupu. Notburga alinishika kiganja akakibana mpaka pete ikaniuma. Ndipo tuliposikia hatua zikitoka mlangoni. Aidani alitembea katikati ya mabenchi, mzula umeshuka hadi kwenye nyusi, akafika mbele, akauvua akautia mfukoni, akampokea Mariana. Uso haukuwa umepona wote. Ulikuwa uso wa mtu tu, una alama hapa na pale, unamtazama mwanawe. Notburga, kama alivyofundishwa, aliinamisha macho kwenye sakafu, akanisukuma kwa kiwiko.

"Niambie," alinong'ona. "Ukoje?"

"Mzuri," nilimnong'oneza.

Baada ya misa tulisimama uwanjani. Aidani alikuwa ng'ambo, karibu na pikipiki, ameupa upande wetu mgongo kwa adabu. Notburga akamwita Careen.

"Nenda kamguse shavu. Kwa mgongo wa vidole. Usikiguse kitu kingine chochote, halafu uje."

Careen akaenda. Tulimwona akimwekea mumewe vidole shavuni mbele ya parokia nzima, na Aidani akafumba macho, akatulia, kama anayejua nani anamgusa. Kisha Careen akarudi, mkono ameuinua mbele kama aliyebeba yai, akauweka kwenye kiganja cha mama yake.

Notburga aliufunga mkono ule ndani ya mikono yake miwili. Alikaa hivyo, machozi yakimshuka na hayafuti.

"Kwenye taya bado kakavu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mwambie huyo mwanangu nitaongeza nta."

Ng'ambo ya uwanja, Aidani alijibu bila kugeuka, "Mwambie mama nimesikia."